Kwenda Kuhesabiwa

Wiki moja kabla ya Krismasi, Mtaa wa Kongo haupitiki. Wamachinga wananadi kwa vipaza sauti, mwenye mkokoteni anapiga mluzi apishwe, magauni ya watoto yananing'inia mpaka usoni. Muuzaji amevaa barakashia, mnunuzi ana rozari shingoni, na wote wawili wamekomalia shilingi elfu mbili.

Lakini sikukuu yenyewe hailiwi hapa. Sehemu kubwa ya mzigo huu unapanda basi kwenda mikoani, na safari inayosemwa kuliko zote ni ya Wachaga. Wanakwenda kuhesabiwa, tunataniwa, kama Yosefu na Mariamu walivyokwenda Bethlehemu katika Injili ya Luka. Nimeucheka utani huo tangu shule ya msingi. Nilipoanza kusoma historia nikaona una ukweli.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Krismasi ikapata makao mlimani. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, ila ilitokea Tanga. Haikuunganishwa na ile ya Dar es Salaam mpaka mwaka 1963, kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Kilichowashusha watu mjini ni ardhi. Kihamba, shamba la migomba na kahawa, hugawiwa wana wa kiume, na wana nao wana wao, mpaka kinachobaki hakigawanyiki. Anayekosa anakwenda kutafuta, na wengi walitafutia Kariakoo. Makaburi ya wazee yamebaki kule, kwenye migomba. Kwa hiyo Desemba ndiyo mwezi wa ubatizo, wa posa, wa kesi za mipaka. Kweli watu huhesabiwa: nani kazaliwa, nani kafa, nani hajaonekana mwaka wa tatu.

Hata jina la Kariakoo lina safari ndani yake. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliopigishwa kambi hapa baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Walibeba vyakula na risasi za vita visivyo vyao. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo ni makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Mwaka 1927 ikasimamishwa Sanamu ya Askari, mwendo mfupi kutoka sokoni. Imeshika bunduki. 

Desemba 2019, treni ya abiria ya Moshi ilirudi baada ya zaidi ya miaka 20, kwa wakati wa sikukuu hasa. Mimi mwaka huu siendi, tasnifu haijaisha. Viatu vya mdogo wangu nimempa binamu, vimo kwenye gunia pamoja na mchele. Shangazi amepiga simu mara mbili.

"Mnakuja wangapi?"

Nimemwambia nitampigia.