Ploti Ndiyo Pensheni

Shosho wangu alipata kiharusi akipanga sukuma wiki kwa meza yake hapa Kawangware. Tangu siku hiyo upande wa kulia umekataa. Asubuhi namgeuza, namwogesha, namlisha uji. Jioni hivyo hivyo. Nikitoka kutafuta pesa, jirani anapitia kumwangalia. Watu wa kwetu wanasema, "Mrudisheni ushago." Ushago gani? Shamba liligawanywa zamani, na ameishi Nairobi zaidi ya miaka 50.

Hilo neno "mrudisheni" lilinisumbua hadi nikaanza kusoma historia ya mitaa yetu. Kumbe si la jamaa zangu. Hili jiji lilijengwa juu yake.

Serikali ya mkoloni ilimtaka Mwafrika Nairobi akiwa na nguvu tu. Kipande, kilichoanza kuvaliwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilimfunga mwanamume kwa mwajiri wake. Nyumba nyingi alizojengewa zilikuwa za kulaza mtu mmoja, si familia. Akizeeka, arudi rizavu. Kwa hivyo mwajiri alilipa mshahara wa kijana, na gharama ya uzee ikaachiwa shamba la kijijini, yaani wanawake waliolilima.

Sasa fikiria wale ambao hawakuwa na pa kurudi. Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliotumikia King's African Rifles, walianza kukaa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Palikuwa msitu, nao wakapaita Kibra. Pensheni hawakupewa. Walichopata ni ruhusa ya kujenga na kulima, na mwaka 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, likatangazwa rasmi kuwa la jeshi. Kwa askari mzee, hilo shamba ndilo lilikuwa malipo ya uzeeni. Shida ni kwamba hati hakupewa. Tume ya Carter, katika ripoti yake ya 1934, ilisema Wanubi ni wapangaji tu wa serikali, ingawa ilikubali kwamba serikali ina wajibu kwao. Ardhi ikaendelea kumegwa. Wenyewe wakajenga vyumba vya udongo, wakapangisha, na kodi ikawa pensheni waliyonyimwa. Hati ilikuja 2017: ekari 288, kwa jamii nzima. Wale askari wa kwanza walikuwa kaburini kitambo.

Huku Kawangware mambo yalianza tofauti. Dagoretti ilikuwa sehemu ya rizavu ya Wakikuyu, upande wa Kiambu, na mpango wa Swynnerton wa 1954 ulileta hati za mtu binafsi. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa miaka ya uhuru, jiji liliwafuata wakulima hadi nyumbani kwao. Mpaka leo hati za huku zinaandikwa Dagoretti/Kawangware, kisha namba. Wenye mashamba waling'oa mahindi, wakasimamisha mabati. Wazee wenye ploti watakwambia wazi: mtoto anaweza kukusahau, lakini mpangaji hasahau tarehe tano.

Mitaa miwili, jibu moja: ploti ndiyo pensheni. Lakini hiyo pensheni inalipwa na nani? Na wapangaji, kina shosho. Kwa miaka 50 amelipia uzee wa watu wengine, na wake haujalipiwa na yeyote. NSSF ilianzishwa 1965 kwa watu walioajiriwa. Mama mboga angekatwa na mwajiri gani?

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali. Mwaka 2018 Inua Jamii ilifunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukinunua pakiti mbili za nepi za watu wazima, umemaliza. Hakuna anayetumwa kumgeuza mtu kitandani. Makao ya wazee yapo machache, kama Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani, na ukiyataja tu nyumbani unaambiwa umelaaniwa.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Wazazi wetu wanakaribia kuingia kwa hiyo hesabu, na wengi hawana ploti wala ushago. Bado tunawapangia safari ileile ya mkoloni: mzee arudi, kuna mwanamke huko atamtunza. Hapa kwetu huyo mwanamke ni mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Watu hudhani ni karo. Karo ilikuwa nusu ya sababu.

Juzi, kwa ule ulimi wake mzito, shosho aliniuliza kama kodi imelipwa. Nikamwambia imelipwa. Jioni akauliza tena.