Akina Staples wa Chicago

Roebuck Staples alizaliwa tarehe 28 Desemba 1914 karibu na mji wa Winona, jimbo la Mississippi, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto kumi na wanne. Alikulia Dockery, shamba kubwa la pamba karibu na mji wa Drew, ambako Wamarekani Weusi walilima ardhi isiyo yao na mwenye shamba akashika daftari la hesabu. Katika shamba hilohilo aliishi Charley Patton, mpiga gitaa anayehesabiwa miongoni mwa mababa wa bluzi. Kijana Roebuck alimsikiliza kwa makini, akaiga vidole vyake, na siku ya ibada akaenda kanisani kuimba na nduguze. Gitaa la bluzi na wimbo wa kanisani vilikaa pamoja ndani ya mtu mmoja tangu ujana wake. Ndivyo vilivyoijenga sauti ya familia yake, na ndivyo vilivyowaletea lawama kubwa kuliko zote walizopata.

Mwaka 1936, pamoja na mkewe Oceola na watoto wawili wa kwanza, Cleotha na Pervis, aliihama Mississippi akaenda Chicago kama walivyofanya maelfu ya Weusi wa Kusini katika miaka ile. Huko walizaliwa Yvonne, Mavis na Cynthia. Baba alifanya kazi machinjioni, kisha kwenye kiwanda cha chuma. Gitaa aliliacha kwa miaka mingi. Jioni aliimba na kundi la wanaume lililoitwa Trumpet Jubilees, lakini wenzake walikuwa wavivu wa mazoezi: leo wanakuja wawili, kesho watatu. Siku moja alichoka kuwasubiri, akarudi nyumbani na hasira zake. Akatoa gitaa alilolinunua kwa bei ndogo kwenye duka la rehani, akawaketisha wanawe sakafuni, akaanza kuwafundisha.

Namna alivyowafundisha ndiyo siri ya kila kilichofuata. Hawakuwa na piano wala kitabu cha noti. Alipiga waya mmoja wa gitaa, akamwambia mtoto wa kwanza ashike sauti ile. Akapiga mwingine, akampa wa pili. Hivyo hivyo mpaka kila mmoja akawa na yake. Alichowapa ni mtindo wa nyumbani kwao Mississippi, uimbaji wa polepole wenye uzito, ambao Chicago ilikuwa imekwisha kuuacha. Makanisa ya mjini wakati ule yalivuma kwa piano, ogani na kwaya kubwa. Akina Staples walikuja na gitaa moja la umeme ambalo mlio wake ulitetemeka kama maji ya kisima yaliyoguswa, na juu yake sauti za watoto zilizosikika kongwe kuliko umri wao. Mwaka 1948 waliimba hadharani kwa mara ya kwanza, katika kanisa la Mount Zion. Waumini walitaka warudie, nao wakaurudia wimbo uleule, maana hawakuwa na mwingine walioumudu.

Mavis ndiye aliyekuwa hazina. Utotoni aliwahi kukaa kwa bibi yake Mississippi, na huko aliadhibiwa kwa kosa la kuimba wimbo wa kidunia jukwaani shuleni. Katika familia ile wimbo ulikuwa jambo la kuulizwa habari zake. Mwaka 1956 kampuni ya Vee-Jay ilipotoa santuri ya "Uncloudy Day", sauti nzito ya Mavis iliwachanganya wasikilizaji wa redio. Watu waliwekeana dau kwamba yule ni mwanamume, au mama wa makamo mwenye mwili mkubwa, kumbe ni binti mwembamba wa miaka kumi na saba. Wimbo ule ulifika mbali hadi Minnesota, kwa kijana wa Kizungu ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Bob Dylan. Pamoja na hayo, baba hakukurupuka. Alingoja Mavis amalize sekondari mwaka 1957, ndipo familia ikashika barabara kwa kazi ya kudumu.

Mwaka 1963 walikuwa Montgomery, Alabama, wakaenda kumsikiliza Mchungaji Martin Luther King, kiongozi wa kudai haki za Weusi. Baada ya hapo Mzee Roebuck, ambaye sasa kila mtu alimwita Pops, aliwaita wanawe akawaambia kwamba ikiwa yule bwana anaweza kuuhubiri ujumbe ule, wao wanaweza kuuimba. Nyimbo zikaanza kutoka katika habari za siku. Aliwaona kwenye televisheni wanafunzi tisa Weusi wa mji wa Little Rock wakizuiwa kuingia shule ya Wazungu, akatunga "Why? (Am I Treated So Bad)", na King akaupenda mno hata akawa anaomba uimbwe kabla hajasimama kusema. Mwezi Machi 1965 watu waliandamana kutoka Selma hadi Montgomery kudai haki ya kupiga kura. Aprili, katika kanisa la New Nazareth mjini Chicago, akina Staples walirekodi "Freedom Highway" mbele ya waumini. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote, kuipita hata ile iliyowapa utajiri.

King aliuawa Memphis mwezi Aprili 1968. Mwaka huohuo familia iliingia mkataba na Stax, kampuni ya mji uleule. Karibu na mwaka 1970 Pervis alijiondoa na nafasi yake akaishika Yvonne, ambaye ndiye pia aliyesimamia hesabu na mikataba. Al Bell wa Stax aliwapeleka Muscle Shoals, Alabama, kurekodi na wapigaji wa Kizungu wa studio ya huko, na kutoka humo ikatoka "Respect Yourself" mwaka 1971. Mwaka uliofuata ukaja "I'll Take You There". Bell aliupata wimbo huo siku za msiba wa mdogo wake aliyeuawa, akiwa ameketi juu ya boneti la basi bovu la shule nyuma ya nyumba ya baba yake huko Arkansas. Beti zake ni chache mno, na mdundo wa besi umechotwa kutoka wimbo wa Jamaika, "The Liquidator". Wimbo huo wa akina Staples ulishika namba moja Marekani nzima.

Hapo ndipo lawama zilipozidi. Walisemwa kwamba wameuza Injili na kuimba nyimbo za shetani. Msomaji aliyekulia katika kwaya zetu anaujua ubishi huu. Mavis alijibu kwamba shetani hana muziki, muziki wote ni wa Mungu. Mimi nasimama upande wake. Ukiusikiliza wimbo ule unasikia mahubiri: mahali pasipo kilio wala ubaguzi, na mwaliko wa kwenda huko. Kilichobadilika ni ukubwa wa kusanyiko. Tarehe 6 Machi 1971 waliimba Accra, kwenye uwanja wa Black Star, Ghana ilipoadhimisha miaka kumi na minne ya uhuru wake. Tarehe 20 Agosti 1972 waliimba mjini Los Angeles katika tamasha la Wattstax, mbele ya umati uliokaribia watu laki moja.

Pops mwenyewe alikuwa na mipaka yake. Mwaka 1975 mtunzi Curtis Mayfield alipowaletea "Let's Do It Again", wimbo wa filamu ya Sidney Poitier, mzee aligoma kutamka maneno ya mapenzi, akisema yeye ni mtu wa kanisa. Mayfield alimbembeleza hadi akakubali, na wimbo ukashika namba moja. Mwaka huohuo Stax ilifilisika. Miaka ya themanini ilikuwa ya vuta nikuvute, bila wimbo wa kuwarudisha pale walipokuwa.

Mwaka 1995 Pops alipata tuzo ya Grammy kwa albamu yake "Father Father", akiwa na miaka themanini, na mwaka 1999 kundi likaingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll. Alifariki tarehe 19 Desemba 2000. Cleotha akafuata mwaka 2013, Yvonne 2018, Pervis 2021. Mavis aliendelea peke yake, akapata Grammy yake ya kwanza mwaka 2011 kwa "You Are Not Alone". Mwaka 2015 alizikamilisha nyimbo za mwisho alizorekodi baba yake, zikatoka kwa jina la "Don't Lose This".

Mwaka huohuo rekodi ya "Freedom Highway" ilitolewa upya, safari hii ibada ikiwa imerudishwa nzima, pamoja na maneno ya Pops kwa waumini. Asiyewajua akina Staples na aanzie hapo.