Meli ya Vipande na Kompyuta ya Shangazi

Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Maseno. Mvua za Novemba zilipitia kwenye paa la duka lake la kuchapisha, zikalowesha daftari la michango hadi wino ukayeyuka. Kompyuta nayo, kasha lake lilikuwa limeliwa na kutu siku nyingi, na sasa kitufe cha kuwashia kiling'oka kikatumbukia ndani. Hesabu za wanachama zikabaki kwenye diski ya mashine hiyo peke yake. Siku ya kugawana pesa ilikuwa wiki mbili mbele.

"Nyathina," akaniambia, "nitasimama mbele ya wenzangu niwaambie ati pesa zao zimeliwa na mvua?"

Nikapanda matatu hadi Kisumu, nikanunua kasha lililotumika. Kurudi, nimelipakata magotini, nikakumbuka kwamba mji huo una historia ndefu na vitu vinavyofika vikiwa vipande.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, lakini meli ilitangulia. SS William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa kama shehena ya vyuma. Reli ilikuwa bado haijafika ziwani, kwa hivyo sehemu ya safari vipande vilibebwa na wapagazi, milima na mabonde, hadi ufukweni. Huko vikaunganishwa tena, na 1900 meli ikaingia majini. Ilikuwa kazi ya ajabu, lakini ilikuwa na udhaifu mmoja: kila kipande kilikuwa na mahali pake pamoja tu duniani, ndani ya meli ile ile. Kikipotea porini, hungepata cha kufanana nacho ziwa lote. Ungengoja Uingereza.

Kompyuta ya mezani ilichukua njia nyingine. IBM ilipotoa PC yake 1981, kampuni nyingine zikaiga, na mazabodi ya AT ya 1984 ikawa kipimo kilichofuatwa na wengi. Kisha 1995 Intel ikatangaza kipimo cha ATX: mazabodi kamili ni milimita 305 kwa 244, matundu ya skrubu yako hapa na hapa, soketi za nyuma zitokee upande huu. Waundaji wakakifuata. Ndiyo maana kasha la kiwanda kimoja hupokea mazabodi ya kiwanda kingine ambacho hakijawahi hata kulisikia. Watu wasiojuana walikubaliana kuhusu matundu, basi.

Sisi huku tunafaidika na makubaliano hayo kuliko wengi, kwa sababu mashine zetu nyingi zilishafanya kazi kwingine kabla ya kutufikia. Tangu 2002 Computers for Schools Kenya imekuwa ikipeleka shuleni kompyuta zilizotumika. Kitu kilichotumika kinahitaji fundi, na fundi anahitaji vipande vinavyokubaliana.

Nilifungua kasha kuukuu, mjusi akatoka mbio. Nikahesabu matundu ya mazabodi, nikafunga vijiguu vya shaba kwenye kasha jipya penye matundu hayo tu. Kijiguu kimoja kikikosea mahali, kinagusa nyaya za nyuma na umeme unaweza kuunguza kila kitu. Vyote vikaingia: ramu, diski, pawa saplai. Shangazi akaanza kutabasamu.

Kisha nikakwama. Nyaya za kitufe ndizo ambazo kila kampuni iliendelea kuzipanga ipendavyo. Kasha jipya lilikuwa na viplagi vidogo vidogo. Mazabodi ilitaka plagi moja pana ya kampuni yake. Hapo nilikuwa mpagazi aliyepoteza kipande cha meli.

Kilichoniokoa ni kwamba kitufe cha ATX hakikati umeme wa ukutani kama swichi za zamani. Kinagusanisha nyaya mbili kwa muda mfupi tu, mazabodi inapata ishara ya kuamka. Nikaokota kitufe kilichovunjika, nikakipima kwa mita huku nikikibonyeza, nikajua ni nyaya zipi mbili zinazogusana. Nikafuata hizo mbili hadi kwenye plagi, nikaona zinaingia pini zipi, nikachomeka kiplagi kipya hapo.

Shangazi ndiye aliyebonyeza. Feni ikazunguka, kioo kikawaka, faili la michango likafunguka: majina yote, shilingi zote. Kabla sijafunga kifuniko nikanakili lile faili kwenye flashi mbili, moja yake, moja ya mwenyekiti.

Akatazama kasha kuukuu pale sakafuni. "Na hili?"

Nikamwambia tusilitupe. Skrubu zake zinaingia kwingine.