The Alloy of Law

The Alloy of Law ni riwaya ya upelelezi na mambo ya ajabu iliyotungwa na Mmarekani Brandon Sanderson na kuchapishwa mwaka 2011. Nayo hutukia katika mji wa Elendel, takriban miaka 300 baada ya visa vya silsila yake ya kwanza ya Mistborn, zama ambazo garimoshi, taa za umeme na maghorofa marefu vimekwisha kuingia katika nchi iliyokuwa ya ukungu na majivu. Waxillium Ladrian, aliyedumisha sheria nyikani kwa miaka 20, hurejea mjini kushika jumba na madeni ya ukoo wake, akiwa na huzuni ya kumpiga risasi, pasipo kukusudia, mwanamke aliyempenda. Hatimaye wanyang'anyi waporao shehena za reli na kuteka wanawake wa nasaba bora humrudisha, pamoja na sahibu yake Wayne, katika kazi aliyokwisha kuiaga.

Uzuri hasa wa kitabu hiki, kwa maoni yetu, umo katika uchawi wake, ambao una kanuni kama za elimu ya maumbile. Waxillium, akiwa amemeza chembe za feleji, huangusha ganda la risasi na kulisukuma kwa nguvu za nafsi. Na kwa kuwa ardhi haisogei, yeye ndiye arukaye hata mapaani. Alumini haitii nguvu hizo, ndiyo maana ina thamani kubwa, na ndiyo maana wezi huitamani. Riwaya tatu ziliifuata, ya mwisho mwaka 2022.