Muhuri Juu ya Nyama: Historia Fupi ya Bucha ya Nyumbani



Kila mwaka kabla ya kuomba mchango, kijarida hiki hueleza historia ya jambo moja la kwetu. Mwaka huu tumechagua bucha. Wapo waliocheka jambo hili lilipotajwa kikaoni. Lakini tukaulizana: nani kati yetu hakuwahi kutumwa pale na noti iliyokunjwa kiganjani, huku mama akisisitiza, "Nusu kilo, na mwambie asijaze mifupa"?

Ng'ombe walikuwepo, bucha haikuwepo

Wilaya yetu ya Mpwapwa ni nchi ya mifugo tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa kwa sababu ya maji yake, ikanunua mbuzi, ng'ombe na nafaka. Hata hivyo, wazee wetu hawakuchinja ng'ombe ili kuuza nyama kwa vipande. Ng'ombe alikuwa mahari, akiba na heshima. Nyama ililiwa kwenye sherehe, kwenye tambiko, au ng'ombe alipokufa.

Akiba hiyo ilipotea zaidi ya mara moja. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe Afrika Mashariki yote. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe na chakula cha watu, mvua nayo ikakosekana, na Ugogo ukaingia kwenye njaa ambayo wazee waliiita Mtunya.

Katikati ya mabalaa hayo Mpwapwa ilipata jambo lililoipa sifa. Mwaka 1905 Wajerumani waliweka hapo kituo cha tiba ya mifugo. Kazi ya utafiti imeendelea hadi leo, na kutoka hapo ikapatikana aina ya ng'ombe inayojulikana kwa jina la wilaya yetu, ng'ombe wa Mpwapwa, anayetoa maziwa na nyama na kuhimili ukame. Kwa hiyo kwetu, kumwona daktari wa mifugo akimpima ng'ombe ni jambo la kawaida kwa zaidi ya miaka mia moja. Msomaji alikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Kutoka Kongwa hadi chini ya mbuyu

Bucha ilikuja na mshahara. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, jirani zetu. Maelfu ya vibarua walikusanyika pale, watu wasio na ng'ombe wala shamba karibu, wenye fedha mkononi kila mwisho wa mwezi. Watu wa namna hiyo hununua nyama kwa kupima.

Mmoja wa vijana wetu waliokwenda huko aliwekwa kwenye jiko la kambi, akajifunza kukata nyama: steki iko wapi, mfupa wa supu unakatwa vipi, kipi kinaharibika kwanza. Mpango wa karanga ulivunjika mwaka 1951 na kijana akarudi nyumbani. Miaka michache baadaye alitundika nyama kwenye kulabu chini ya mbuyu wa karibu na soko, akaweka gogo la kukatia na mizani ya kuning'iniza. Tangu hapo watu wote walimwita Mzee wa Bucha, ingawa hakuwa mzee.

Yeye alikuwa Mkristo, lakini mchinjaji wake siku zote alikuwa Mwislamu, ili nyama iliwe na kila nyumba. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Alisema tu kwamba mji mdogo hauwezi kuwa na bucha mbili za kubaguana.

Baada ya Uhuru akajenga chumba cha matofali ya kuchoma chenye dirisha la wavu. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 ilipowakusanya watu vijijini, wateja wakaongezeka. Operesheni Maduka ya 1976 ilipotaka maduka ya watu binafsi yaachie ya ushirika, alikabidhi mizani yake kwa duka la kijiji, akaendelea kukata nyama pale kama mwajiriwa. Biashara zilipolegezewa masharti katikati ya miaka ya 1980, aliirudisha mizani ileile ndani ya chumba kilekile, safari hii akiwa na mwanawe.

Mwana ndiye aliyeanzisha daftari la madeni. Walimu walichukua nyama katikati ya mwezi wakalipa mshahara ukitoka. Wakulima walichukua kabla ya mavuno. Wenye msiba hawakuandikwa siku ya kwanza. Wengi wetu tulisoma sekondari kwa ada iliyowezekana kwa sababu chakula cha nyumbani kilisubiri ndani ya daftari lile.

Mwaka 2007

Mvua za mwisho wa 2006 zilikuwa nyingi kupita kawaida, na mbu wakawa wengi. Mwanzoni mwa 2007 ng'ombe, kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba, ndama wakafa, na baadaye watu wakaugua. Ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa, na mkoa wetu wa Dodoma ulikuwa miongoni mwa ile iliyoumia zaidi nchini. Ugonjwa huo huenezwa na mbu, na pia humpata mtu anayegusa damu ya mnyama mgonjwa, kama mchinjaji na mchuna ngozi. Minada ilisimama, uchinjaji ukazuiwa, na watu wakaogopa hata harufu ya supu.

Usiku mmoja mtu alifika nyumbani kwa familia ile na nyama iliyochinjwa porini, kwa bei ya kutupa. Mwana alikuwa na watoto watatu shuleni, na bucha ilikuwa imefungwa wiki ya nne. Alimuuliza swali moja tu: "Muhuri uko wapi?" Haukuwepo. Akafunga mlango.

Katika wiki zile baadhi ya wenye madeni walikwenda kulipa bila kudaiwa. Hatusemi wote. Wapo walioona ni nafasi nzuri ya kusahau, na tunawajua, nao wanajijua. Lakini waliolipa ndio walioiwezesha familia ile kula.

Ruhusa iliporudi, siku ya kwanza alichinjwa mbuzi mmoja tu, na hadi jioni alikuwa hajaisha. Mzee wa Bucha, ambaye sasa alikuwa mzee kweli, alikaa kwenye benchi la nje na bakuli la supu, akanywa polepole mbele ya wapita njia. Kesho yake akafanya hivyo tena. Wiki iliyofuata wateja wakaanza kurudi, na kila mmoja alitaka kwanza kuuona muhuri wa bluu kwenye paja la nyama kabla ya kutaja kilo.

Kwa nini tunayasema haya

Mzee amekwishatutoka. Bucha inaendeshwa na mjukuu wake, binti, kwenye chumba kilekile chenye vigae vipya na jokofu. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wateja wengi huja na vyombo vyao, kama bibi zetu walivyofanya.

Ila nyama haianzii buchani. Inaanzia machinjioni, na machinjio yetu ni kipande cha sakafu kilichopasuka, hakina paa wala maji ya bomba. Ng'ombe anachunwa chini, maji yanabebwa kwa ndoo, na bwana mifugo anakagua maini kwa mwanga wa tochi. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006 inataka nyama ichinjwe na kukaguliwa mahali panapofaa. Binti yule anaweza kusafisha chumba chake mara kumi kwa siku, lakini muhuri hauna nguvu kuliko mahali ulipogongwa.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu ni ya machinjio: sakafu ya zege yenye mteremko, paa, tangi la maji, vyuma vya kuning'inizia mnyama, taa, na shimo la taka lililofunikwa. Atakayeshindwa fedha alete mchanga, kokoto au siku zake mbili za kazi.

Wengi wetu tuliondoka nyumbani tukiwa bado tumeandikwa kwenye daftari lile, sisi au wazazi wetu. Mwaka huu twendeni tukalipe.