Kipimo cha kotisoli: Jibu hutegemea saa ya kutoa damu

MKAZI wa Kibera au Kawangware anayeagizwa na daktari akapimwe kotisoli hana budi kuuliza swali moja kabla ya kulipia: damu itatolewa saa ngapi?

Kotisoli ni homoni inayotengenezwa na tezi adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Huinua sukari katika damu, hudumisha shinikizo lake na humwezesha mtu kustahimili maradhi na majeraha. Hata hivyo, kiwango chake hakitulii. Hupanda kuelekea alfajiri, hufikia kilele asubuhi, kisha hushuka hadi usiku wa manane.

Ndiyo maana damu hutolewa baina ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Maabara nyingi huhesabu nanomoli 140 hadi 690 kwa lita kuwa kiwango cha kawaida wakati huo. Nanomoli 130 za alasiri zaweza kuwa za mtu mwenye afya njema. Za asubuhi hutia shaka. Basi aliyepanga foleni tangu alfajiri akafikiwa adhuhuri, ni heri arejee siku nyingine. Naye bawabu alindaye usiku na kulala mchana sharti amweleze daktari, kwani huenda saa ya mwili wake imegeuka.

Mwaka 1855, Thomas Addison wa London alieleza ugonjwa wa kuharibika kwa tezi hizi: uchovu usiokwisha, kukonda, kizunguzungu, na ngozi kuzidi weusi. Enzi hizo chanzo kikuu kilikuwa kifua kikuu, maradhi ambayo mitaa yenye msongamano kama Kibera haijayashinda. Isitoshe, rifampisini, mojawapo ya dawa zake, huharakisha kuvunjwa kwa kotisoli mwilini.

Chanzo kingine hununuliwa dukani. Prednisoloni na deksamethasoni, zikimezwa kwa majuma mengi kwa ajili ya pumu au maumivu ya viungo, hulaza tezi adrenali. Krimu kali za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli hufanya vivyo hivyo. Mtu akiziacha ghafla, tezi haziamki mara moja.

Mtumiaji wa dawa hizi asifiche. Prednisoloni yaweza kuhesabiwa na mashine kama kotisoli, na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni hupandisha kipimo.

Kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa wa 2024, aliyetumia steroidi kwa muda mrefu akipata zaidi ya nanomoli 300 asubuhi, tezi zake zimepona na aweza kuziacha kwa uangalizi. Chini ya 150, huendelea na dawa na kupimwa tena baada ya miezi michache. Jibu likiwa na utata, hudungwa mikrogramu 250 za kichocheo cha tezi, na damu kupimwa baada ya dakika 30 au 60.

Mgonjwa wa aina hii akianza kutapika, kulegea na kuzirai, asingojee maabara. Hupelekwa hospitalini mara moja adungwe haidrokotisoni, na majibu hufuata baadaye.