Bethwell Ogot na Mapokeo ya Wazee wa Mpakani

Mwalimu anayefundisha karibu na Busia au Tororo huijua taabu ya kuchora ramani ubaoni. Mpaka wa Kenya na Uganda huchorwa kwa chaki mara moja tu, lakini wanafunzi walio mbele yake wana jamaa upande huu na upande ule. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso kadhalika. Katika nchi ya Padhola, penye sehemu kama Sop Sop, wanakaa Wapadhola, ambao lugha yao ni ndugu ya Kijaluo cha Nyanza, ingawa kati yao na Wajaluo wa Kenya wamo watu wa lugha nyingine. Wala mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 Uganda ilienea mashariki karibu na Naivasha; mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wake wa mashariki wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Basi nani atawaeleza watoto hawa habari za wazee wao kabla ya mstari huo?

Swali hilo ndilo linalotukumbusha marehemu Profesa Bethwell Allan Ogot, aliyezaliwa Gem, Nyanza, mwaka 1929, na kufariki tarehe 30 Januari 2025. Alisoma Maseno na Makerere, akafundisha Alliance High School, kisha akaenda Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland. Aliporejea alishika kazi ya ualimu wa historia, kwanza Makerere na baadaye Nairobi.

Ili tuipime kazi yake, yafaa tukumbuke hali ya wakati ule. Mwaka 1963 mwanahistoria Mwingereza Hugh Trevor-Roper alitoa mihadhara iliyotangazwa na televisheni ya BBC. Humo alidai kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa, isipokuwa ile ya Wazungu waliofika humo. Yaliyosalia yalikuwa giza. Rai hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Wasomi wengi waliamini kwamba pasipo hati hapana historia, na wazee wa Padhola hawakuwa na hati. Walikuwa na kumbukumbu.

Ogot alizifuata kumbukumbu hizo. Alikusanya masimulizi ya koo: nani alimzaa nani, walitoka wapi, walipigana na nani, walihamia wapi. Kazi hiyo yataka uangalifu mkubwa, kwani kila ukoo hupenda kusema kwamba ndio uliotangulia kufika. Hivyo neno la ukoo mmoja hupimwa kwa neno la ukoo mwingine na kwa masimulizi ya majirani, na hesabu ya vizazi hugeuzwa kuwa makisio ya miaka. Matunda yake yalichapishwa Nairobi mwaka 1967 katika kitabu cha historia ya Wajaluo wa kusini, kinachoeleza uhamaji na makazi yao tangu mwaka 1500 hadi 1900. Mwaka 1972 aliandika tena juu ya dini ya Wapadhola, akaonyesha jinsi ibada ya Bura, iliyohusishwa na Majanga, ilivyokuwa na nguvu miongoni mwa watu wasiokuwa na mfalme. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba nchi hii ilikuwa giza tupu kabla ya mwaka 1902.

Lakini Ogot hakutaka elimu hiyo ifungwe chuoni. Alihariri mijadala ya Chama cha Historia cha Kenya iliyotolewa kwa mfululizo ulioitwa Hadith, na mwaka 1968, pamoja na J. A. Kieran, alitoa Zamani, kitabu cha historia ya Afrika ya Mashariki. Baadaye alihariri juzuu la tano la historia kuu ya Afrika ya UNESCO, lililotoka mwaka 1992. Nyumbani kwake pia palikuwa na sauti ya redio: mkewe, Grace Ogot, alikuwa mtangazaji wa BBC huko London katika miaka ya 1950, kabla hajajulikana kwa hadithi zake.

Hapa ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapopaswa kusimama kidogo. Hadith na Zamani ni majina yenye asili katika lugha yetu, na tunajivunia kwamba lugha hii ilionekana kufaa kubeba historia ya nchi nzima. Hata hivyo, anayekifungua kitabu cha Zamani hukuta kurasa za Kiingereza. Kiswahili kiliandikwa jaladani, kikaachwa mlangoni. Hatumlaumu marehemu. Hoja aliyotaka kuivunja ilisemwa kwa Kiingereza, nayo ilipasa kujibiwa kwa lugha ambayo waliyoitoa wangeisikia. Lakini mzee wa Padhola aliyetoa nasaba ya ukoo wake asingeweza kuisoma iliporudi kitabuni. Mkewe Ogot alionyesha njia nyingine mwaka 1983, alipoandika Miaha kwa Kijaluo, watu wa kwao wakaweza kumsoma bila mkalimani.

Jibu la yule mhadhiri wa televisheni limekwisha kutolewa, tena kwa ufasaha. Deni lililobaki ni kwa wazee wenyewe na wajukuu wao, nalo liko mikononi mwetu. Sokoni Busia Kiswahili huvuka mpaka kila siku pamoja na samaki na mahindi. Kwa nini historia isivuke nayo? Mwalimu awatume wanafunzi kwa babu na bibi zao, waandike kwanza maneno yale kwa lugha yaliyosemwa, kisha wayaeleze kwa Kiswahili ili mwenzao wa ukoo mwingine ayasome na kuyapima. Wasamia, Wateso na Wapadhola wakisomeana masimulizi darasani, watakuta mahali yanapopatana na mahali yanapopingana, na hapo ndipo historia huanza.

Tuifanye kazi hiyo mapema, maana mzee hangoji muhula ujao.